Nami nilidhani hivyo

Maneno hayo matatu aliyasema mama Jumapili jioni. Leo Ijumaa, bado nayasikia.

Tulikuwa tunakunja nguo. Yeye ncha hizi za shuka, mimi ncha zile, tunasogeleana na kuachana kama siku zote. Tulipokutana mara ya tatu hakuachia. Akauliza kwa sauti ya chini, macho kwenye shuka: "Mwanangu, hivi mwanamke akishakoma, anaweza kuona tena?"

"Kuona nini, mama?"

"Si kitu. Doa tu. Mara moja, mbili."

Nikamuuliza kama anaumwa. "Siumwi." Basi nikamwambia labda ni uchovu wa ile safari ndefu. Akanyamaza kidogo. "Nami nilidhani hivyo." Akalichukua shuka mikononi mwangu, akalikunja upya.

Wiki imekuwa ya mambo: mkataba wa kazini umesainiwa hatimaye, baba watoto amerudi, tumepata barua ile tuliyoingoja tangu mwaka jana. Yote yamenipita. Usiku narudi kwenye shuka lile. Mama hajawahi kunizungumzia mambo ya hedhi ila siku moja tu, nilipovunja ungo. Yake ilikoma miaka 11 iliyopita. Swali lile alikaa nalo siku ngapi kabla ya kulitoa? Nami nikampa jibu alilokwisha kujipa mwenyewe.

Jumatano nikampigia rafiki yangu muuguzi, yule aliyekesha nami uzazi wa pili. Hakunilaumu. Alisema damu yoyote baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, hata rangi ya waridi tu, ipelekwe kwa daktari. Wanawake tisa hivi kati ya kumi hukutwa na sababu isiyo saratani: utando wa ndani umekuwa mwembamba na mkavu, au kuna kinyama kisicho na madhara. Ila kwa macho huwezi kumjua huyo wa kumi. Na wenye saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi, wengi wao sana, damu hiyo ndiyo iliyowastua. Ni ugonjwa unaopiga hodi mapema, alisema, shida ni sisi tulio ndani.

"Lakini haumwi," nikamwambia tena, kama vile najitetea.

Akasema maumivu si kipimo. Saratani nyingi mwanzoni haziumi: uvimbe kwenye titi, kidonda cha mdomoni kinachopita wiki tatu bila kupona, sauti iliyokwaruza na haitaki kurudi, damu kwenye choo ambayo kila mtu huiita bawasiri. Kila dalili huja na kisingizio chake tayari. Nilimkumbuka Bob Marley: kidonda cha kidole cha mguu kilidhaniwa ni cha mpira, kumbe ilikuwa saratani ya ngozi chini ya ukucha. Iligunduliwa mwaka 1977. Mei 1981 akafariki, ana miaka 36. Mpira, uchovu wa safari. Ni maneno yale yale.

Jana asubuhi nikamwendea chumbani. "Mama, lile swali nililijibu vibaya. Twende ukapimwe." Nilijiandaa kwa ubishi. Hakubisha. Alivuta droo, akatoa kalenda ndogo ya mezani, akanipa. Pembeni mwa tarehe kulikuwa na vinukta vya kalamu nyekundu, vidogo kama kichwa cha pini. Nikavihesabu. Vitano, cha kwanza ni cha wiki sita zilizopita.

Tangu hapo nimepata nguvu ambayo sikuitegemea. Daktari alipouliza damu ilianza lini, mama alifungua kalenda yake na kumsomea, tarehe kwa tarehe, bila haya, nami nilimwonea fahari hadi machozi yakanilenga. Utrasaundi ilionyesha ukuta wa ndani una unene wa milimita 7. Ungekuwa 4 au chini yake, pengine wangeishia hapo. Wakachukua kipande kidogo cha nyama kwa kupima. Majibu bado. Nje aliniambia, "Kumbe hakikuumiza sana," kisha akauliza nguo zile za juzi nimeziweka wapi.

Jambo jingine: kitindamimba wetu tangu Jumanne hataji jina la mwalimu wake mpya, na daftari la hesabu silioni kwenye begi lake. Nimelitafuta mpaka chini ya kitanda.