Pasipoti iliyobaki Brikama

Mimi ni Mkenya, nahudumia wazee katika mji mdogo karibu na Stuttgart. Jioni nilikuwa najitolea kusaidia darasa la Kijerumani la wakimbizi, na huko ndiko nilikokutana na kijana mmoja wa Gambia. Wiki ya pili tu akaanza kuniita Mama, nami nikamkubali kama mwanangu.

Alifika Ujerumani 2015 kwa njia ya Agadez nchini Niger, Libya na bahari. Wagambia wengi hupangiwa jimbo hili la Baden-Württemberg, kwa hiyo hakuwa peke yake. Ombi lake la hifadhi lilikataliwa. Rais wa Gambia, Yahya Jammeh, alikuwa ameondoka Januari 2017 baada ya kutawala miaka 22, na machoni pa waliosoma faili lake hatari ilikuwa imeondoka naye. Akabaki na karatasi inayoitwa Duldung, yaani kuvumiliwa, yenye mstari mwekundu uliopita mshazari. Si kibali cha kukaa. Inamaanisha tu kwamba kwa sasa hawajakuondoa.

Mapema 2019 polisi walikuja hosteli yao alfajiri wakamchukua mwenzake wa chumba. Sheria ya huku inakataza mtu kuambiwa tarehe ya kuondolewa, kwa hiyo yule maskini alilala akijua kesho ni siku ya kazi. Mwanangu hakuwepo. Alikuwa kibarua katika duka la mikate, na waoka mikate huanza saa nane za usiku. Aliporudi alikuta kitanda kitupu na birika dogo la ataya, ile chai yao kali ya kijani, likiwa bado mezani. Alinipigia simu, hakusema neno. Nilisikia pumzi tu.

Machi mwaka huohuo serikali ya Gambia ikasimamisha kuwapokea waliorudishwa kwa nguvu. Wengi walishangilia. Mimi niliogopa zaidi, kwa sababu mlango uliofungwa na wanasiasa hufunguliwa na wanasiasa haohao. Nikamwambia, mwanangu, huu ndio muda wetu, tusilale.

Kulikuwa na njia moja iliyosimama vizuri. Tangu 2016 sheria inamruhusu mtu kama yeye kubaki miaka mitatu akisomea ufundi, kisha akifaulu na kupata kazi hupewa kibali cha miaka miwili. Lakini lazima utambulisho wake uthibitishwe, na kusiwe na hatua yoyote ya kumwondoa iliyokwisha kuanza. Hapo ndipo vijana wengi hukwama. Pasipoti inayokufungulia mafunzo ndiyo hiyohiyo inayorahisisha kukupandisha ndege. Wanaificha kwa hofu, ofisi ya uhamiaji inawaandika kuwa hawashirikiani, na mlango unafungwa. Siwalaumu. Ningekuwa wao ningeificha pia.

Pasipoti yake ilikuwa kwa mama yake, Brikama, mji wa Gambia, ndani ya sanduku la bati. Tukampata mwanasheria kupitia shirika la ushauri, naye akatupa mpangilio ambao nimeushika mpaka leo: kwanza mkataba wa mafunzo, usajiliwe na chemba ya mafundi, halafu pasipoti, na vyote viingie ofisini siku moja pamoja na ombi lenyewe. Pasipoti isitangulie.

Mwenye duka la mikate alinishangaza kwa wema wake. Ni mzee wa maneno machache. Nilikwenda kumwomba barua nikiwa nimejiandaa kubembeleza, akanikatiza: kwa miaka kadhaa hajapata kijana wa hapa anayetaka kuamka saa saba za usiku, na huyu hajachelewa hata mara moja. Alisaini mkataba siku ileile, na barua aliiandika mwenyewe. Mama wa Brikama akatuma pasipoti kwa kifurushi. Siku kumi na moja hatukujua iko wapi, na nilifunga siku mbili nikiomba, mimi Mkristo, yeye Mwislamu akiswali chumbani kwake.

Tuliingia ofisini watatu: yeye, mimi na mwanasheria. Nilidai karatasi ya kuthibitisha kwamba wamepokea kila kitu, yenye muhuri na tarehe, na nakala nikazihifadhi kwangu. Kama unamsindikiza mtu, usitoke pale bila karatasi hiyo. Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Septemba 2019 akaanza mafunzo.

Oktoba 2021, Umoja wa Ulaya ulipoibana Gambia kwa masharti magumu ya viza ili ipokee raia wake, tayari alikuwa mwaka wa tatu, na mkataba wake ukamlinda. Wengine niliowajua hawakuwa na kinga hiyo.

Alifaulu mtihani 2022. Siku alipopewa kadi ya ukaazi, isiyo na mstari mwekundu, alinialika chumbani kwake. Alichemsha ataya katika birika la yule mwenzake, vikombe vitatu kama desturi yao inavyotaka, na kabla ya kile cha kwanza akampigia simu mwenzake huyo, Serekunda huko Gambia. Akaielekeza kamera kwenye birika, na upande wa pili nikamwona yule kijana akifunika uso kwa mikono.