Pangaboi

Picha ya kwanza kabisa niliyowahi kumwaga sina hata foto yake moja ikiwa mbichi. Mikono ilikuwa na rangi hadi viwikoni, simu iko juu ya friji, na mtu pekee aliyekuwa karibu ni bibi, ambaye simu yake ni ile ya kubonyeza na hata hiyo huiweka ndani ya mkoba umefungwa zipu. Kwa hivo tulioiona ni mimi na yeye tu, na yeye siku hizi akihadithia anatia chumvi.

Ilikuwa Agosti 2021, Kibokoni, Mombasa, kwa shangazi, ghorofa ya pili, nyumba ambazo ukifungua dirisha wamsikia jirani akikoroga chai yake. Mtoto wa mama mdogo alikuwa anaolewa na mimi pesa ya zawadi ya maana sina, nikasema basi ntamfanyia picha ya ukutani, kubwa, rangi za bahari, kwa ile njia ya kumwaga rangi ambayo nlikuwa nimekesha wiki tatu naitazama kwa simu. Watu wanamimina rangi zote kwenye kikombe kimoja, wanakipindua juu ya kanvasi, wanakiinua, pwaa, maajabu. Nikajiambia hii nani ataishindwa.

Bei ya ule uji wa kuchanganyia rangi nlipoiona nlifunga simu. Nikatumia gundi nyeupe ya maseremala nikaipunguza na maji, sehemu mbili za gundi kwa moja ya akriliki, nakoroga kwa vijiti vya mishikaki polepole ili isifanye povu. Ya kuleta yale matundu matundu yanaitwa silikoni, sikuipata, lakini nlikuwa nimesoma kwamba mafuta ya nywele ya kung'arisha yenye dimethicone yanafanya kazi hiyo hiyo, basi nikaiba matone matatu kwenye chupa ya binti wa shangazi (hajui mpaka leo, na ikiwa wasoma hapa samahani sana). Kanvasi ilikuwa sentimita 60 kwa 90, nikaiinua juu ya glasi nne, nikaazima pima maji kwa fundi wa chini manake sakafu za Mji wa Kale haziaminiki, kumbe kweli, pembe moja ilibidi niiongeze kadi ya kuchezea wahedisitini iliyokunjwa mara mbili.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Kwa wasiomjua, huyu bibi amepaka maharusi hina na piko tangu hajaolewa mwenyewe, vitu vya majimaji vyenye rangi usimfundishe. Akatia kidole kwenye kikombe changu cha bluu, akakiinua, akaangalia inavyodondoka.

"Hii bado maji. Yataka iwe kama tui la kwanza."

Nikaongeza gundi. Alikuwa sawa, na mimi nlikuwa nimeangalia video labda mia.

Basi nikapanga kwenye kikombe, bluu, turkwazi, dhahabu kidogo, nyeupe, bluu tena. Nyeupe ya titaniamu ni nzito kuliko ile bluu, sasa ukiiweka juu haikai, inatafuta njia ya kushuka na ile nyepesi inatafuta njia ya kupanda, hapo ndo zinapopishana na kuchoreka. Nlikuja kusoma baadaye kwamba mchoraji wa Mexico, David Alfaro Siqueiros, alikuwa akicheza na mambo haya haya kwenye karakana yake New York mwaka 1936, na Jackson Pollock alikuwa kati ya waliokuwemo, na 2015 wanafizikia wa huko Mexico wakakaa chini wakaupima ule mchezo wa zito juu ya jepesi kama watu wanavyopima mawimbi. Siku hiyo sikuyajua hayo. Nlichojua ni kwamba nimepindua kikombe, nimesema bismillahi, nimekiinua.

Mwanzo ilikuwa kama maziwa yaliyomwagika. Nikainamisha kanvasi kwangu, halafu kwa bibi, rangi ikaanza kutembea, nikapitisha juu yake kile kimtungi cha moto cha fundi wa friji, wa pili niliyemsumbua siku hiyo, na wallahi vile vitundu vikafunguka kimoja kimoja, vya turkwazi ndani ya weupe, vina mzunguko mwembamba wa dhahabu, vingine vidogo kama mbegu ya bamia vingine kama shilingi. Bibi akaacha mchele.

"Basi! Hapo hapo! Usiiguse tena!"

Tukainama wote wawili. Akasema ni kama maji ya Kilindini yale yenye mafuta ya meli, siku babu alipompeleka kumwonesha anapopakua mizigo, na yeye amevaa viatu vipya, na hakuangalia meli hata moja, aliangalia maji. Nimeishi na bibi miaka yote hiyo sikuwahi kusikia habari ya viatu hivyo.

Picha mbichi haikai vile unavyoiona, ile inaendelea kutembea taratibu hata ukiiacha, ndo maana nasema tuliiona dakika nne, tano hivi. Mimi nikaenda kuosha mikono, halafu nikatumwa Marikiti kuchukua ndimu na dania.

Sasa shangazi. Jioni alikuwa na wageni wa mambo ya harusi, anataka sebule yake, anaona kitu kiko majimaji na hewa ya Mombasa unaijua, nguo tu yalala usiku mzima haijakauka. Akaona anisaidie. Akawasha pangaboi, namba tano.

Nliporudi juu ilikuwa imeshafanya ngozi, chini bado mbichi, na ile ngozi ilivyojivuta ikapasuka pasuka kama tope la Ramisi wakati wa kiangazi. Kwenye dhahabu kulikuwa na unyoya wa kuku, sijui ulitokea wapi. Sikusema kitu, niliweka ndimu mezani. Aliyesema ni bibi, ametoka kuswali.

"We, hina ikipigwa upepo si yakwatuka? Twapaka ndimu na sukari ya nini? Wewe umepakwa hina na mimi mara ngapi?"

Shangazi maskini, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, amesimama na rimoti ya TV mkononi anakemewa kama mtoto wa madrasa mbele ya wageni wa upande wa bwana harusi.

Bi harusi nlimfanyia nyingine, dirisha limefungwa, siku tatu imefunikwa boksi, ikatoka safi na ameitundika mpaka leo. Nzuri, siikatai. Ile iliyopasuka bibi aliichukua, iko nyuma ya kabati lake, na kwenye pembe moja upana wa kiganja haikupasuka, huwa ananionesha hapo kwa kidole.

Kila nikimpelekea mpya ananiuliza kama ni ya mafuta ya meli, namwambia bado, bibi. Na nikimwagia pale kwake, kabla hata sijakoroga rangi, yeye huangalia juu kwanza.