Ukitaka kulinda miombo ya Tabora, anzia kwenye ndoo ya asali

Msomi wa biashara anayeingia kwenye uhifadhi hapendi kuchafua mikono. Anaandika kwamba bei ya asali ikipanda, msitu utapona. Huku Sikonge, Urambo na Kaliua, wilaya za Tabora, aulize kwanza asali inauzwaje.

Ikiuzwa kwa ndoo ya lita 20, kosa limeshaingia. Ndoo ya asali iliyoiva ina takriban kilo 28, lakini asali mbichi nayo inaijaza, na pesa ni ileile. Nani basi asubiri nyuki wafunike robo tatu ya sega kwa nta, huku wezi wakiizunguka mizinga? Maji yakizidi asilimia 20, chachu inaamka, mfuniko unatuna, na mnunuzi wa mbali anairudisha. Weka refraktomita, kifaa kidogo cha kupima maji kwenye asali, kwenye kituo cha kununulia, pima tone la kila ndoo, lipa kwa kilo na kwa daraja la maji. Kifungu hicho kimoja cha mkataba kinafanya kazi kuliko semina nyingi.

Halafu angalia mizinga. Mzinga wa gome hauna gharama ila kwa mti wenyewe: gome likibanduliwa kuzunguka shina, chakula kutoka kwenye majani hakishuki tena mizizini, na mti unakufa polepole. Kwa hiyo asali "rafiki wa msitu" yaweza kuwa imeua miti ya msitu huohuo. Mzinga wa sanduku wenye viunzi vya juu, yaani vipande vya mbao ambavyo nyuki huning'iniza masega yao, unaepusha hilo, mradi fundi akate viunzi vya upana wa milimita 32. Vikiwa vipana, nyuki huunganisha masega, na kurina kunageuka kubomoa.

Tumbaku ni mtihani mgumu zaidi. Mabani ya kukaushia tumbaku yanakula kuni, na dawa za mashambani zinaweza kuonekana kwenye asali. Kanuni za asali ya kilimo hai za Umoja wa Ulaya zinaangalia eneo la kilomita 3 kuzunguka mizinga, kwa hiyo chora ramani ya mashamba kabla ya kuahidi soko. Na fuatilia matumizi: mrinaji aliyepata faida akinunua mbolea ya kupanua shamba la tumbaku, mapato yamepanda na msitu umepungua. Dodoso linalouliza kipato tu halitaliona hilo.

Ndiyo maana miti yenyewe ipimwe. Chora duara la nusu kipenyo cha mita 15, pima kila shina kwenye urefu wa mita 1.3, andika aina ya mti (mtundu, muba, mninga) na visiki vipya, kabla biashara haijaanza. Fanya vivyo hivyo kwenye vijiji visivyo na mradi, la sivyo mvua nzuri itasifiwa kama mafanikio ya asali. Alama za rangi hufutika kwa moto wa kiangazi. Tumia vibao vya alumini na hifadhi majiranukta ya GPS, yaani namba za mahali duara lilipo, maana atakayerudi kupima huenda akawa mtu mwingine kabisa.