Siku yangu moja: fundi wa grili niliyeibiwa pikipiki

Saa 11 alfajiri

Adhana haijaisha, mkono umeshafika chini ya mto kupapasa funguo. Zamani sikuwa na tabia hii. Imeanza miezi mitano iliyopita, nilipoibiwa Boxer yangu. Funguo zote zipo: wa geti, wa mlango wa mbele, wa kufuli la mnyororo, na ule wa Boxer ambao siku hizi haufungui kitu. Mama watoto ameniambia mara mbili niutupe. Nanyamaza.

Natoka barazani na tochi. Baiskeli ipo. Ni Phoenix ya zamani, nimeifunga mnyororo kwenye kipande cha nondo nilichokizamisha mwenyewe kwenye zege. Majirani wanacheka, wanasema mnyororo una thamani kuliko baiskeli. Ni kweli. Lakini siku ya Boxer mnyororo nilikuwa nao, nikauacha nyumbani kwa sababu nilikuwa nakwenda ufukweni na watoto kwa saa moja tu.

Kwa asiyenijua: mimi ni fundi wa kuchomelea, Mjimwema, Kigamboni, Dar es Salaam. Natengeneza mageti, milango ya chuma na grili za madirisha. Mteja wangu wa kawaida ni mtu aliyeibiwa jana. Anakuja hajalala, anataka kazi iishe leo leo, na bei hapunguzi. Ndiyo maana nikiwa na kazi nyingi, jirani hajui anipe hongera au pole.

Saa 1 asubuhi

Dogo wangu ameshafungua karakana. Umeme upo, tunamshukuru Mungu. Tunaanza na geti la juzi, kusugua kutu na kupaka redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu.

Hapa pwani adui wa kwanza wa chuma ni chumvi, mwizi anafuata. Upepo wa bahari unaleta unyevu wenye chumvi, unakaa kwenye kona za chini za grili pale maji ya mvua yanapotuama. Skwea paipu, yaani bomba la chuma la pembe nne, inaoza kutoka ndani. Kwa nje unaona rangi nyeupe inang'aa, ukibonyeza kwa bisibisi inazama kama mkate. Mwizi anajua kubonyeza. Mwenye nyumba hajui, kwa sababu yeye anapaka rangi kila Idd na anaona inapendeza. Mimi natoboa tundu dogo chini ya kila paipu maji yatoke, na namwambia mteja arudi baada ya miezi sita nimwangalizie. Hawarudi. Wanarudi wakiibiwa.

Saa 2 na nusu

Simu ya dada mmoja, mpangaji, nyumba za karibu na mchanga. Usiku wamekata wavu wa mbu dirishani, wakaingiza upondo wenye ndoano, wakavua simu mbili na suruali ya shemeji ikiwa na pochi. Nimefika, nimeona. Grili yake nzima, haijaguswa. Kitanda kiko chini ya dirisha, soketi ya kuchajia iko pembeni ya dirisha.

"Fundi, tulipuliziwa dawa. Mimi silali hivi."

Sikubishana naye. Kila aliyeibiwa usiku hapa kwetu amepuliziwa dawa. Ninachojua ni kwamba joto la Februari na feni iliyozimika vinamlaza mtu dirisha wazi, na usingizi wa saa 9 hauhitaji dawa. Nimemwambia asinipe kazi ya grili, grili yake haina tatizo. Nimemkatia kipande cha wavu wa chuma kwenye fremu ndogo, tumesukuma kitanda ukuta wa pili, nimemwambia simu ichajiwe chini, mbali na upondo. Amenilipa elfu kumi na chai ya maziwa.

Saa 4 asubuhi

Kazi kubwa ya leo ni kwa mzee mmoja, nahodha mstaafu. Wameondoka na runinga, mtungi wa gesi, sabufa ya mjukuu na pampu ya kisima. Pampu ndiyo inayomuuma. Wamepitia dirisha la jikoni.

Nimesogeza uso karibu na ile grili. Nondo mbili za katikati zimepinda kuelekea nje, moja kushoto moja kulia, kama mtu amefungua pazia. Kwenye kila moja kuna alama ya duara iliyokwaruza rangi. Ni jeki ya gari. Unailaza katikati ya nondo mbili, unazungusha taratibu, haipigi kelele hata mbwa asikie. Aliyetengeneza alizipanga kwa nafasi ya kama sentimita 18, akabana matumizi. Sisi mafundi tuna kipimo chetu: kichwa kikipita, mwili utapita. Mimi sizidishi sentimita 10, na katikati napitisha flatibaa (chuma bapa) ya kulala, kila inapokutana na nondo nachomelea, ili jeki ikisukuma isukume dirisha zima.

Kijana wa mzee alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mikono mfukoni.

"Fundi, hii ya mwanzo ulichomelea wewe?"

"Hapana kaka. Angalia mshono wake. Si mkono wangu."

"Sawa. Na jana usiku ulikuwa wapi?"

Limeulizwa kwa upole, kama anauliza habari za nyumbani. Silichukulii vibaya tena. Nyumba ikiibiwa, wa kwanza kutajwa ni dada wa kazi, wa pili mlinzi, wa tatu fundi, kwa kuwa aliyeweka mlango anajua unavyofunguka. Nimejitafutia dawa yangu. Kufuli lolote ninaloweka linanunuliwa na mwenye nyumba, pakiti inafunguliwa mbele ya mtu wa pili, funguo zote zinahesabiwa, na mimi sishiki hata mmoja. Nikimaliza naandika kwenye daftari tarehe na funguo zilikuwa ngapi, wanasaini. Kijana amesaini leo. Baba yake amemwangalia kwa jicho ambalo mimi nisingependa kuangaliwa nalo.

Tumebishana na mzee jambo moja tu. Anataka kila dirisha lizibwe moja kwa moja. Nimekataa.

"Shikamoo tena baba, nisikilize. Moto ukiwaka jikoni usiku, wajukuu watatokea wapi?"

Dirisha la chumba cha watoto nimeliwekea kilango, bawaba kwa ndani, kufuli ndani ya boksi la chuma, na ufunguo utaning'inia mahali ambapo mtoto anafika na mkono wa dirishani haufiki. Imeongeza saa moja na nusu ya kazi bila nyongeza ya pesa. Sijutii. Kuna grili nilizotengeneza mwanzoni mwa kazi yangu, hazina kilango, na nikisikia king'ora cha zimamoto nazikumbuka zote kwa mitaa yake.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie. Mazungumzo ni yale yale. Mmoja anasema kijana aliyeonekana na mtungi apigwe mfano. Nimemuuliza kama ana uhakika ni yeye, akasema mtaa mzima unajua. Mtaa mzima, miaka kadhaa iliyopita, ulijua kuhusu kijana mwingine, na akaja kuonekana hakuwa yeye, ikiwa ameshavunjwa mkono. Nimekula kimya. Mama ntilie yeye amesimulia jinsi ndoo zake na jiko vilivyorudishwa uani usiku, baada ya bibi mmoja kutangaza msikitini kwamba mwizi asiporudisha ndani ya siku tatu inasomwa Albadiri, dua ya kumwapiza. Hakuna aliyecheka. Hata yule anayetaka kupiga watu amenyamaza.

Simu imeita hapo. Rafiki yangu bodaboda: kuna pikipiki zimekamatwa, zipo kituoni upande wa Mbagala, moja ni Boxer nyekundu haina namba. Wali umebaki.

Saa 8 mchana

Nipo kwenye daladala kupitia Kibada na Kongowe. Nimepita njia hii kichwani mara nyingi. Mwizi wa pikipiki Kigamboni akitaka kuvuka ana feri, ambako atasimama katikati ya abiria. Ana daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa 2016, ambako atapita kwenye vibanda vya malipo. Na ana barabara hii, ambayo hulipii wala hupiti geti. Mimi ningekuwa mwizi ningepita hapa. Nikashtuka najiona nimekaa siti ya dirishani nawaza kama mwizi.

Mfukoni nina karatasi yenye namba ya RB niliyopewa polisi niliporipoti, nakala ya kadi, na namba ya chasisi niliyoiandika kwa kalamu. Hapa niseme kosa langu wazi, labda litamsaidia mtu. Boxer niliinunua mkononi. Pesa nilitoa, kadi nikapewa, nikaahidi kwenda TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha umiliki wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo ilichukua mwaka na nusu. Nilipokwenda kuripoti, askari akasoma kadi akaniuliza, "Huyu ndiye wewe?" Sikuwa mimi. Ikabidi nimtafute muuzaji, ameshahamia Lindi, aje kuthibitisha kwamba aliniuzia. Na bima yangu ilikuwa ile ndogo, ya kumlipa mtu wa tatu ukimgonga. Ukiibiwa haikuhusu.

Kituoni askari alikuwa mtu mwema. "Pita kaangalie." Pikipiki zimepangwa ukutani, vumbi limezikaa mpaka viti vimekuwa vya rangi moja. Ile nyekundu ilikuwa ya nne. Haina namba, haina taa, tangi limekwaruzwa kama la kwangu. Moyo umedunda.

Sikuangalia chasisi kwanza. Nilichuchumaa nyuma nikapitisha kidole chini ya keria. Keria ya Boxer yangu niliichomelea mwenyewe ilipokatika, na mshono wangu naujua: mimi navuta kijiti cha kuchomelea kwa vipindi vifupi, unakaa kama magamba ya samaki aina ya changu, na mwishoni huwa naacha kijinundu kwa sababu nanyanyua mkono haraka. Huu ulikuwa laini, mrefu, umesuguliwa na grainda. Fundi mzuri kuliko mimi. Si yangu. Chasisi tukaisoma kutimiza wajibu tu.

"Pole fundi. Utapigiwa," askari akasema.

"Ahsante afande."

Saa 10 alasiri

Nimerudi, nimempitia mteja mwenye nyumba za wageni ufukweni. Huyu anataka ukuta upande wa baharini, chupa juu, na nyaya za umeme. Nimemkumbusha jambo analolijua: sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu kujenga ndani ya mita 60 kutoka baharini. Upande wa bahari utabaki wazi, na wageni ndicho walichokilipia.

Mlinzi wake, mzee wa Kimakonde, amenionyesha kitu ambacho bosi wake hakuwa amekiona. Leo ni bamvua, siku maji yanapojaa sana na kutoka sana. Saa hizi maji yamejaa hadi ngazi, kuta za pembeni zinaingia majini, hakuna pa kupita. Lakini saa 4, saa 5 usiku bahari itakauka mbali kabisa, na mtu atatembea mchanga mtupu akizunguka mwisho wa ukuta kama anazunguka nguzo. Alfajiri maji yanarudi yanafuta nyayo. "Wanakuja bamvua," amesema. "Siku za maji mafu, yasipotoka mbali, nalala." Nimemshauri bosi asinunue chuma kwangu, amwongezee mzee huyu mwenzake na taa mbili kwa zile siku chache za bamvua. Nimejinyima kazi. Dogo amenikasirikia njia nzima.

Saa 12 jioni

Kufunga karakana. Mashine ndani, grainda ndani, kufuli mbili.

Saa 5 usiku

Zamu yangu ya ulinzi shirikishi. Tuko watano, filimbi, tochi na rungu moja tunalobadilishana. Kwa balozi tunasaini, kisha tunazunguka. Kila nyumba tunayopita naangalia kazi yangu: hii bawaba niliziba pini, hii ilihitaji rangi tangu mwaka jana, hii si yangu. Kwa nahodha taa ya jikoni inawaka bado. Upande wa baharini kuna harufu ya mwani, maji yamekwenda kweli, na mbali kwenye mchanga tochi ya mzee wa Kimakonde inakwenda na kurudi.

Pikipiki imetokea njia ya ufukweni, taa moja, mwendo mdogo. Tumeisimamisha. Bodaboda wa kijiweni kwetu, amemrudisha abiria. Wenzangu wanamsalimia, mimi nimeshazunguka nyuma, nimeinama na tochi chini ya keria.

"Fundi," amesema bila kugeuka, "hii ni TVS."

"Najua. Pita tu."