Mkilua wa Likoni usikatwe

Jamaa zangu wa Likoni wanataka kuifanya nyumba ya marehemu babu iwe ya kulaza wageni. Nimetumiwa ramani kwa simu: vyumba vya ghorofani, jiko jipya, na pale uliposimama mkilua, ule mti wa maua ya kunukia, maegesho ya magari. Mama mkubwa akaniuliza, "Mwanangu, wewe uko huko Ulaya, waonaje?" Nilimjibu kwa kirefu, na jibu lenyewe naliandika hapa kwa sababu wengi pwani yetu wana mpango kama huu.

Huku ninakoishi, kusini mwa London, kuna nyumba ya mashambani iitwayo Gravetye Manor. Ilijengwa mwaka 1598, miaka miwili tu baada ya Wareno kumaliza Fort Jesus. Richard Infield alimjengea mkewe Katharine, na herufi R na K zimechongwa juu ya mlango. Lakini wageni hasa hufuata bustani.

Bustani hiyo ni kazi ya William Robinson, mzaliwa wa Ireland, aliyeishi hapo tangu miaka ya 1880 mpaka alipofariki mwaka 1935. Enzi zake matajiri wa Kiingereza waliotesha maua ya nchi za joto ndani ya nyumba za vioo, wakayapanga nje kama zulia wakati wa kiangazi, kisha wakayang'oa yote. Robinson alilichukia jambo hilo na kulipinga kwa maandishi miaka mingi. Yeye alipanda mimea inayostahimili baridi na kuchipua yenyewe kila mwaka, na maua ya dafodili kwa maelfu katikati ya nyasi. Akajenga na bustani ya mboga yenye umbo la yai, imezungushiwa ukuta wa mawe.

Alipokufa, magugu yakatanda. Mwaka 1958 Peter Herbert aliigeuza nyumba kuwa hoteli, akaifufua bustani. Hadi leo jiko la hoteli hupata mboga ndani ya ukuta ule ule.

Basi nikamwambia mama mkubwa: chumba kizuri mgeni atakipata Nyali, atakipata Diani. Mkilua aliopanda bibi, ambao maua yake yametungwa vikuba vya harusi za ukoo mzima, hataupata kwingine. Kando yake pandeni asumini na mrihani. Nyuma ya jiko, mchicha na ndimu. Magari yakae upande wa barabarani, kwenye lile banda bovu.

Amenijibu kwamba fundi atarudi Jumamosi kupima upya.