Nimepeana mkono na shujaa wangu

Jamani, leo nimekutana naye! Yule kaka ninayemfuatilia mtandaoni tangu nikiwa kidato cha pili amekuja hapa Dodoma, kwenye mashindano ya Gran Turismo 7, gemu la mbio za magari, ukumbini karibu na Nyerere Square.

Nilisubiri ashuke kwenye usukani, nikamwamkia: "Shikamoo kaka." Akatabasamu, akanipa mkono. "Marahaba mdogo wangu, unapenda kukimbiza wapi?" Nikamwambia Nordschleife, ile barabara ya mbio ya Ujerumani yenye zaidi ya kilomita 20, ila kwenye kona gari linagoma kukata.

Akanikalisha kwenye kiti chake! Breki usiiachie ghafla, akasema, iachie taratibu huku unakata kona, uzito ubaki mbele ili matairi ya mbele yashike lami. Nikajaribu, gari likaingia konani kama maji kwenye mfereji.

Namheshimu Jann Mardenborough, aliyetoka kwenye magemu haya ya Gran Turismo, akashinda GT Academy, shindano la kutafuta madereva wa kweli kati ya wacheza gemu, mwaka 2011 na kwenda kuendesha magari ya kweli kwenye mbio za Le Mans, Ufaransa. Lakini huyu ni wetu, na ana subira ya ajabu.

Fainali kashika nafasi ya pili. Tulivyomshangilia, ungedhani kachukua kombe! Picha anazo rafiki yangu, akinitumia naziweka hapa.