Wakorea wa Almaty

Leo nimekaa sana Zelyony Bazar, soko la hapa Almaty, Kazakhstan, kwenye meza za Wakorea. Bibi ninayenunua kwake hakai bure. Anakwaruza karoti zinatoka nyuzi ndefu, anazitia chumvi, sukari na siki, anaweka vitunguu saumu, pilipili na mbegu za giligilani zilizosagwa, kisha anamwagia mafuta ya moto. Kwa asili, saladi hii haijulikani Korea. Ilizaliwa huku, kwa kuwa kabichi ya kutengenezea kimchi, kachumbari ya Kikorea iliyochachushwa, ilikuwa adimu na karoti zilikuwa tele.

Wazazi wake hawakuja kwa hiari. Mwaka 1937 Stalin, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, aliwaondoa kwa nguvu Wakorea wapatao 172,000 kutoka Mashariki ya Mbali ya Urusi, akidai Japani ingewatumia kama majasusi. Walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, safari ya karibu mwezi mzima. Wengi walishushwa Ushtobe, mji mdogo wa Kazakhstan, baridi ikikaribia, wakachimba mashimo ardhini na kuishi humo. Mwaka uliofuata shule zao zikageuzwa za Kirusi.

Ndiyo maana mimi na bibi huyu tunaongea Kirusi. Kikorea chake ni cha nyumbani tu, lafudhi ya Hamgyong, kaskazini mwa Korea. Mjukuu wake anafanya kazi kiwandani Ansan, Korea Kusini, na huko wanamwona mgeni: sura ni yao, lakini akifungua mdomo wanashangaa. Huku Kazakhstan, kwenye vitambulisho vya Kisovieti, familia hiyo hiyo iliandikwa Wakorea.

Juzi mwanafunzi mwenzangu alisema hawa si Wakorea halisi. Iliniuma, na bado inaniuma. Mtoto akitimiza mwaka wanampangia vitu mezani achague kimoja, waone atakuja kuwa nani. Mtu akifika miaka 60 anafanyiwa karamu kubwa. Aprili 5 ukoo mzima unakwenda makaburini na chakula. Na kile kikundi chao cha maigizo kilichoanzishwa Vladivostok, huko Mashariki ya Mbali, mwaka 1932 kingali kinaigiza kwa Kikorea, hapa hapa Almaty. Watu waliopakiwa kama mizigo waliyabeba yote hayo, halafu mtu aliyezaliwa kwa raha zake anawapimia Ukorea wao!

Mjukuu anakuja likizo mwezi ujao. Bibi ameniambia nifike nyumbani nile kuksi, tambi za baridi zenye nyama na matango. Nitakwenda, na huyo kijana nina mengi ya kumuuliza kuhusu Ansan.